Usiku wa jalidi kwenye shamba la mizabibu

Mzabibu uliolala huvumilia hata nyuzi 15 chini ya sifuri. Jicho, yaani chipukizi changa kwenye tawi, likishafura na kuonyesha kijani, nyuzi 2 tu chini ya sifuri zaweza kuliua. Kwa hiyo hofu yetu kubwa si katikati ya majira ya baridi, ni wiki za kwanza za kuchipua.

Bondeni, hewa baridi inakotuama, chelewesha kupogoa. Acha matawi marefu: macho ya nchani huchipua kwanza na kuyachelewesha ya chini, kisha kata kwa urefu unaotaka. Nyasi ziwe fupi, na usilime karibu na usiku wa hatari. Udongo mtupu, ulioshikamana na wenye unyevu hutunza joto la mchana. Uliotifuliwa umejaa hewa na hautunzi kitu. Angalia pia ua ulio chini ya mteremko. Ukiwa mzito, huzuia baridi isitoke.

Kinga tunayoiamini zaidi ni kunyunyizia maji juu ya mizabibu, na ndiyo inayoadhibu uzembe kuliko zote. Maji yakiganda hutoa joto, nalo huliweka jicho karibu na sifuri ndani ya barafu, ila lazima maji mapya yaendelee kuganda. Milimita 3 kwa saa ni lita 30,000 kwa hekta. Kwa muda wa saa nane ni lita 240,000. Pima bwawa lako kwanza, mabomba baadaye. Pampu ikizimika usiku wa manane, maji yanayogeuka mvuke hufyonza joto, na macho yaliyolowa hupoa kuliko makavu.

Saa ya kufungua maji isomwe kwenye kipimajoto chenye utambi uliolowa, kilichowekwa kimo cha macho. Hewa ikiwa kavu, kipimajoto cha kawaida kitakudanganya. Mulika barafu kwa tochi: iking'aa kama kioo, maji yanatosha, ikiwa nyeupe kama maziwa, ni machache. Jua likichomoza usifunge, ngoja barafu iachie matawi yenyewe.

Feni kubwa zafaa usiku mtulivu tu, hewa ya joto ikiwa imetanda juu. Ukiwasha moto, mioto midogo mingi hushinda mikubwa michache, maana mkubwa hutoboa tabaka hilo la joto na kupotelea juu. Moshi hausaidii.

Mwisho wa kiangazi, acha mbolea ya naitrojeni, ili matawi yakomae kabla baridi haijarudi.