Kikao cha ratiba ya darasa la nne

Mwaka 2019 nilikuwa nafundisha shule moja ya msingi huko Tandahimba, Mtwara, jina siitaji maana wenyewe wapo na simu wanazo. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, korosho zimeanza kuanguka, ukipita njiani harufu ya mabibo tu, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne uko mlangoni. Ijumaa mchana tukaitwa kikao cha staff. Agenda hatuijui, kama kawaida yetu, ila karatasi ya mahudhurio ilishaanza kuzunguka tusaini kabla mtu hajafungua mdomo.

Mkuu akasimama akasema kuanzia Jumatatu darasa la nne watakaa mpaka saa kumi na moja jioni, ratiba hii hapa, kila mwalimu aangalie jina lake. Halafu ndo akauliza, "Kuna mwenye maoni?" Sasa maoni ya nini tena wakati ratiba ishapigwa muhuri!

Watu kimya. Mi moyoni nawaza posho ya madaraka laki mbili kila mwezi anapokea yeye, jioni tukae sisi.

Aliyevunja ukimya ni mama mmoja anayekaribia kustaafu, yeye ndo alikuwa na hilo darasa, vikao vyote anakaa dirishani anasahihisha madaftari yake. Akasema, "Mkuu naomba dakika mbili tu." Akaja na rejista akaifungua pale mezani, kidole kikawa kinashuka jina kwa jina. "Huyu Jumatatu hayupo. Huyu hayupo toka juzi. Huyu jana nilimkuta chini ya mkorosho wa babu yake anaokota, vidole vyote utomvu, akanambia shikamoo mwalimu akaendelea na kazi." Akageuza ukurasa akaendelea, mkuu anatazama kidole tu.

Na kweli mwaka ule hali ilikuwa ngumu, maana msimu wa nyuma yake serikali ndo ilinunua korosho kwa 3,300 kwa kilo, bei ilifurahiwa ila wazazi wengine walikuwa bado wanadai hela yao, sasa kibarua utamlipa na nini, si unamchukua mtoto. Mama akamalizia, "Jioni tutafundisha madawati, Mkuu."

Mkuu akasema haya ni maelekezo ya wilaya. Mwalimu wa taaluma, kijana mdogo tu, akauliza kwa upole kabisa, "Tunaomba tuione barua." Barua hakuna! Kumbe kwenye kikao cha walimu wakuu waliambiwa tu wahakikishe la nne wanafaulu, hayo ya saa kumi na moja aliyapanga mwenyewe nyumbani kwake. Naye nilimwelewa lakini, matokeo yakiwa mabaya anayesimamishwa mbele ya wenzie ni yeye, sio mimi.

Basi hapo kikao kikaanza kuwa kikao. Mmoja akataka waingie saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwingine akasema kuna watoto wanaenda kuchota maji kwanza na huku kwetu juu kwenye uwanda wa Makonde maji yanajulikana yalivyo shida, mwingine ana mtoto mchanga hawezi alfajiri, tukabishana weee mpaka giza linaingia. Tukakubaliana waingie mapema, wasome kabla ya vipindi vya kawaida, mchana waende zao. Mwenye mtoto mchanga akapewa kutunga majaribio. Na walimu wawili waliopo kwenye kamati ya shule, ambao kawaida wakijua kamati imekaa ni kwa kuona chupa za soda, wakatumwa waongee na wazazi.

Mahudhurio yalipanda, sio wote ila yalipanda.

Sasa kituko kilikuja kikao kilichofuata, muhtasari ukasomwa: "Mwalimu Mkuu alielekeza darasa la nne waingie mapema." Alielekeza! Aisee kelele zilizopigwa pale zilizidi hata za ratiba, yule mama akaweka kalamu chini akasema hathibitishi muhtasari wa namna hiyo. Mkuu akacheka, akamwambia katibu afute. Ikaandikwa "walimu waliazimia", mkuu akasaini pembeni ya marekebisho, ndo tukaingia kwenye yatokanayo na kikao kilichopita.