Siku yangu kwenye bwawa la majitaka, kando ya Mto Kuskokwim

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia: kengele ya kituo cha pampu. Mwezi wa Juni huku magharibi mwa Alaska, Marekani, usiku ni mfupi mno, nje kumeshapambazuka zamani. Navaa buti natoka.

Kijiji chetu kina watu mia chache tu na hakuna barabara inayokifikia. Ni ndege au boti, na kipupwe magari yanapita juu ya barafu ya mto. Nilitoka Mwanza kumfuata mume wangu, ambaye ni mwalimu hapa, nikasomea kazi ya majitaka. Huu ni mwaka wa nne.

Saa kumi na mbili. Kwanza nashusha mita ya gesi kwenye shimo la pampu. Ile gesi yenye harufu ya yai viza inaua, na ikizidi pua haiisikii tena, kwa hiyo pua yangu siiamini. Namsubiri mwenzangu afike, kisha tunavuta pampu kwa mnyororo. Vitambaa vya kupangusia watoto! Vimejisokota kwenye impela, ile sehemu ya pampu inayozunguka na kusukuma maji, kama kamba ya katani. Pakiti imeandikwa vinatupwa chooni. Si kweli, havilainiki kama karatasi. Nakata kimoja kimoja kwa kisu, vidole vimekufa ganzi, nusu saa nzima. Nawaomba mnaosoma, hata mliko huko: vitieni kwenye pipa la taka.

Mabomba yetu yanapita juu ya ardhi, juu ya nguzo, yamevikwa sponji nene. Chini udongo umeganda mwaka mzima. Ukifukia bomba lenye joto, barafu inayeyuka, ardhi inatitia na bomba linakatika.

Saa tatu niko bwawani. Majitaka ya tangu Oktoba yamekaa humu chini ya barafu, na sasa bakteria na jua vinamalizia kazi. Tunayaachia mtoni kidogo kidogo. Napima oksijeni na pH (kiwango cha asidi), halafu nachota sampuli ya bakteria wa kinyesi kwenye chupa iliyosafishwa maabara, bila kugusa mdomo wa chupa, naiweka kwenye boksi la barafu. Kuanzia hapo nina muda wa saa nane tu. Ndege ndogo hadi mji wa Bethel, ndege kubwa hadi jiji la Anchorage, na maabara iwe imeanza kupima kabla ya saa kumi na moja jioni. Ikichelewa haina maana tena. Ndiyo maana sichoti mpaka rubani athibitishe safari.

Amethibitisha. Saa nne, ukungu. Saa tano, bado. Nimekaa uwanjani na boksi magotini, naangalia saa kila dakika. Saa tano na dakika ishirini nasikia injini. Namkabidhi rubani boksi kwa mikono miwili.

Mchana ni kusafisha chujio na kujaza daftari.

Saa tisa napita mtoni. Bibi mmoja wa Kiyup'ik, wenyeji wa asili wa huku, anaanika samaki aina ya samoni, nyama nyekundu imechanjwa chanjwa, inaning'inia kwenye miti. Miaka hii samoni wakubwa wamepungua na siku za kuvua zinapangwa. Sisemi majitaka ndiyo chanzo, sababu ni nyingi na nyingine ziko baharini. Lakini samaki aliyefika hadi hapa anakwenda kutaga mara moja tu maishani mwake, kisha anakufa. Mimi sitaki akute uchafu wetu njiani.

"Maji yakoje, binti?" Huniuliza kila tukionana. Wavu wake anautega mtoni, upande maji yanakoelekea baada ya kupita bomba letu.

"Sampuli iko angani, bibi."

Ananipa kipande kikavu cha mwaka jana. "Quyana," namshukuru kwa lugha yake.

Saa kumi na dakika ishirini ujumbe unaingia kutoka maabara: imefika, wameanza. Bakteria wanahitaji saa 24 kuota kabla ya kuhesabiwa. Narudi mtoni kumwambia.

"Kesho jioni, bibi."

Anatikisa kichwa kukubali, anaendelea kugeuza samaki wake.