Nilivyopata mlio safi kwenye harmonika za sauti ya chini

Harmonika ya kawaida ya matundu kumi huanzia ufunguo wa G na kupanda. Chini ya hapo zipo Low F, Low E, Low D, Low C na nyingine zinazozidi kushuka. Low F iko oktavu nzima chini ya F ya kawaida: ukipuliza tundu la kwanza unapata mitikisiko kama 175 kwa sekunde, wakati F ya kawaida inatoa kama 349. Mimi napiga zaidi Low F na Low D, na kilichonisaidia kuliko chote ni kupunguza pumzi.

Kilimi (kipande chembamba cha chuma kinachotikisika na kutoa sauti) cha noti ya chini huongezewa uzito kwenye ncha, au hufanywa kirefu zaidi, ili kitikisike polepole. Kwa sababu hiyo huchelewa kuamka. Ukikishtua kwa pumzi kali, kinasukumwa hadi kinaziba tundu lake. Unasikia hewa tu, au noti inatoka ikiwa imeshuka. Mimi hutumia pumzi ya joto, laini, kama ya kufutia miwani, nikiianzisha punde tu kabla ya pigo ili kilimi kiwe tayari kinalia pigo linapofika. Zoezi langu la kila siku ni tundu la kwanza na la pili, kupuliza na kuvuta, noti ndefu za sauti ndogo kabisa. Noti ikikataa kuanza kwa pumzi ndogo, naangalia mwanya kati ya ncha ya kilimi na bamba lake, yaani sahani ya chuma inayokishikilia. Ukiwa mwembamba sana kilimi kinakabwa, ukiwa mpana sana kinakula hewa. Naurekebisha kwa kukikunja kilimi taratibu kwa kipande chembamba cha chuma, kidogo kidogo, nikijaribu kila mara.

Kero kubwa ya harmonika hizi ni mlio wa kukwaruza, na watu wengi hukimbilia kulaumu kilimi kabla ya kuchunguza. Vilimi vya kupuliza vimelala ndani ya vyumba vya kiunzi (mwili wa kati wa harmonika), lakini vya kuvuta viko nje ya bamba la chini, vikielekea bati la kifuniko. Vya chini vinayumba kwa upana mkubwa, kwa hiyo ukivuta kwa nguvu vinaligonga bati. Kipimo ni rahisi: fungua skrubu, toa mabati yote mawili, shika kiunzi na mabamba yake kwa uangalifu na upige hivyo hivyo. Kero ikiisha, mkosaji ni bati. Litanue taratibu kwa kidole gumba upande wa nyuma, kwenye matundu matatu ya mwanzo, na usilibane kwa kiganja unapopiga. Hohner, watengenezaji wa harmonika, walilishughulikia hili kwenye Thunderbird, harmonika yao ya sauti ya chini, kwa kulitengenezea bati la chini umbo la kupanuka kuelekea noti nzito, na kwa kweli tofauti inasikika.

Kero ikibaki hata bila mabati, inua bamba kwenye mwanga. Mstari wa mwanga pande zote mbili za kilimi unatakiwa ulingane. Ukiwa umetoweka upande mmoja, kilimi kinasugua ukingo, ama kimepinda pembeni, ama kuna uchafu. Uzi mmoja wa kitambaa unatosha kuleta balaa, kwa hiyo anza kwa kusafisha kabla ya kusogeza kitu chochote.

Kwenye kukunja noti, yaani kuishusha kwa kubadilisha umbo la mdomo, anayejua solfa ana faida. Oktavu ya chini haina fa wala la. Fa unaipata kwa kuvuta tundu la pili (so) na kuishusha toni nzima. La kwa kuvuta tundu la tatu (ti) na kuishusha toni nzima pia. Noti ya chini inadai nafasi kubwa mdomoni: taya lishuke, koo lifunguke, shina la ulimi lirudi nyuma. Mimi huanza na umbo la "i" nikielekea "u", na kwenye Low D naenda mbali zaidi, karibu na kupiga mwayo. Kuvuta kwa nguvu zaidi hakuikunji noti, kunaikaba. Jifunze kwanza kwenye A au G, halafu shuka. Kama unataka nyimbo tu bila bluzi, tafuta harmonika yenye mpangilio wa noti uitwao Paddy Richter, wa mpigaji harmonika Brendan Power: tundu la tatu la kupuliza limepandishwa toni moja, kwa hiyo noti ya la ipo bila kukunja.

Akodi za noti tatu za chini zinasikika nzito na za ukungu, hasa zikipigwa kwa nguvu. Mimi napendelea oktavu: ulimi unaziba tundu la pili na la tatu, napuliza la kwanza na la nne kwa pamoja. Hapo ndipo Low F inapojaza chumba. Ukivuta kwa mkao huo huo unapata re mbili.

Unapopima noti kwa programu ya simu, puliza kwa upole, kwani vilimi vya chini hushuka ukizidisha pumzi na utajikuta unakwangua kilimi kisicho na kosa. Kukwangua ncha kunapandisha noti, karibu na ribiti (pini inayokifunga kilimi kwenye bamba) kunashusha. Mkwaruzo mmoja mwepesi, kisha kiache kipoe kabla ya kupima tena. Na kwa wanaotumia maikrofoni: usiibane mkononi kama unavyofanya na harmonika ya A. Iache umbali wa kiganja na upunguze besi kwenye amplifaya, la sivyo noti za matundu mawili ya kwanza zitaungana kuwa mngurumo.