Mafuta yalikauka, karatasi ikabaki imelowa

Kiwanda nilichokuwa fundi wake kiko Tanga, karibu na bahari. Mwaka ule kilifungwa wiki saba kwa matengenezo, masika yote, na transfoma yetu ya kilovolti (kV) 33, yenye ukubwa wa kVA 500, ikazimwa. Hakuna aliyeifikiria. Kitu kilichozimwa kitaharibikaje?

Siku ya kuwasha nilianza na kile kikombe cha kioo ubavuni, pale transfoma inapovutia hewa. Ndani kuna shanga za silika jeli: zikiwa kavu huwa za buluu, zikinywa unyevu hugeuka waridi. Kwa kawaida huanza kugeuka chini, maana hewa huingilia chini. Zetu zilikuwa waridi zote, na za juu ndizo zilizofifia zaidi. Nikapapasa gaskiti ya juu, ile ya kuziba hewa, ikanibakia kidoleni vipande vipande. Hewa ya bahari ilikuwa ikipita pale bila kuzigusa shanga. Mchana tangi likipata jua, mafuta yaliyomo ya kuzuia umeme na kupoza yanatanuka, hewa inatoka. Usiku yanapoa, inavutwa nyingine. Wiki saba za kupumua hivyo, na mvua inanyesha.

Nikachukua sampuli ya mafuta. Kwenye kipimo, kati ya ncha mbili zilizoachana milimita 2.5, yalikatika, yaani cheche ilipenya, kwenye kV 24. Yakiwa makavu huhimili zaidi. Tukakodi mashine ya kuchuja, ikazungusha siku nzima, jioni yakafika kV 62. Meneja akanipa mkono. Tukawasha.

Baada ya wiki tatu za mzigo nikapima tena: kV 33. Kwanza nililaumu chupa. Nikakausha nyingine, nikamwaga mafuta ya mwanzo ya bomba, nikakinga upya siku isiyo na mvua. Jibu likawa lilelile.

Nikamwendea mzee mmoja, fundi mstaafu aliyenifundisha kazi. Baada ya shikamoo nikamweleza yote. Akacheka. "Mwanangu, umepiga deki sakafu, godoro umeliacha limelowa."

Godoro ni karatasi. Koili za transfoma, yaani nyaya zake zilizozungushwa, zimeviringishwa karatasi iliyotokana na mti, na karatasi hiyo hupenda maji kuliko mafuta yanavyoyapenda. Karibu maji yote yaliyomo kwenye transfoma hukaa ndani yake. Yaliyo kwenye mafuta ni kidogo mno. Nilikuwa nimeyatoa hayo kidogo tu. Mzigo ulipopasha koili moto, karatasi ikayatema mengine kwenye mafuta. Mafuta yangepoa, maji yangerudi kwenye karatasi taratibu. Ndiyo maana kipimo cha mafuta yaliyotoka kuchujwa muda huohuo sikiamini tena, hata kiwe kizuri namna gani.

Mzee akatoa kwenye droo kipande cha karatasi ya koili ya zamani, rangi ya kahawa. Nilipokikunja kikavunjika kama papadi. Karatasi mpya ni minyororo mirefu ya selulosi, zaidi ya viungo 1000 kila mnyororo. Maji na joto huikata, na ikifika kama 200 haina nguvu tena. Kadiri inavyokatika inazalisha maji mengine. Mafundi wana kipimo cha kukadiria: unyevu wa karatasi ukiongezeka maradufu, umri wake unapungua nusu. Mafuta unaweza kubadilisha. Karatasi huwezi, labda uvue koili zote.

Basi safari ya pili tulikausha karatasi. Tukazima, tukatenga pande zote, tukafunga ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), tukaweka gaskiti mpya na shanga mpya. Mashine ikazungusha mafuta yakiwa nyuzi 60 hadi 65, pampu ya vakyumu ikivuta mvuke, na radieta tukazifunika turubai ili joto lisipotee. Siku nne, mchana na usiku. Kila baada ya saa mbili tulisimamisha mashine, nikapiga megga, kifaa kinachopima jinsi karatasi na mafuta yanavyozuia umeme, na kuandika: ikisoma juu ni vizuri.

Megga ilinitia hofu. Tulianza na megaomu 90 mafuta yakiwa nyuzi 30. Yalipopanda hadi 60, ikashuka: 40, 20, mwishowe 12. Meneja alikuwa amesimama nyuma yangu. "Fundi, si unaiharibu hiyo?" Nikamwambia joto lenyewe hushusha kipimo, na karatasi inayotoa maji hukishusha zaidi, tusubiri. Siku na nusu ikakaa hapohapo kwenye 12, na mimi nikaanza kutojiamini. Alfajiri ya siku ya tatu ikasoma 15. Jioni 31. Siku ya nne ilifika 80 na kutulia, joto likiwa lilelile. Tulipoiacha ipoe hadi 30, ikapita 600.

Mafuta yalisoma kV 64. Safari hii sikumpa mtu mkono. Baada ya mwezi wa mzigo yakasoma 56, baada ya miezi mitatu 55. Karatasi haikurudi kuwa mpya, lakini unyevu wa kuturudisha nyuma haukuwepo.

Shanga zilizogeuka tunazioka kwenye oveni ya karakana mpaka buluu irudi. Si jikoni, tafadhali: buluu ile inatokana na chumvi ya kobalti, na ni sumu. Nikamwonyesha mlinzi wa geti zinavyopaswa kuonekana, maana yeye hupita pale kila alfajiri. Masika yaliyofuata alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri: "Fundi, shanga mbili za chini zimeanza waridi. Nikuamshe au nisubiri kuche?"