Msichana Asiyekufa Mwishoni

Binti wa kaka yangu alikuwa na daftari la mistari ambalo kurasa zake alizigawa kwa rula katika safu tatu: katika ya kwanza aliandika jina la kitabu, katika ya pili jina la msichana anayesimuliwa humo, na katika ya tatu, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi, aliandika neno moja au mawili juu ya mwisho wa msichana huyo. Nililiona Desemba ya mwaka 2012, alipokuja kwangu Dar es Salaam kutoka Tanga baada ya kumaliza kidato cha kwanza, na nililiona kwa bahati tu, kwa kuwa alilisahau wazi juu ya meza ya chakula. Nilisoma safu ile ya tatu kutoka juu hadi chini: Mimba. Kafa. Kafukuzwa shule. UKIMWI. Mimba. Kajiua. Kaolewa. Mimba, halafu kafa.

Alikuwa na umri wa miaka 14. Nilipomuuliza daftari lile ni la kazi gani, akidhani labda namgombeza, alilifunga kwanza, kisha akaniambia kwa utulivu ambao sikuutarajia: "Shangazi, nataka kujua kama kuna hata mmoja anayefika mwisho salama. Mpaka sasa sijampata."

Sikuwa na jibu. Jambo hilo liliniuma zaidi kwa sababu katika ukoo wetu mimi ndiye shangazi wa vitabu. Kazi yangu ni ya uhasibu, lakini kila mtoto anayefanya vizuri darasani huletwa kwangu likizo ili "akasome soma kidogo", na rafu yangu ya vitabu imekuwa kama kisima cha mtaa. Binti huyu alikuwa ameimaliza rafu hiyo katika siku tisa. Kabla ya hapo, huko Tanga, alikwisha soma riwaya na tamthilia zote zilizokuwa katika kabati la shule yao, pamoja na za madarasa ya mbele, na alikuwa amepokezana na mwenzake mmoja riwaya kadhaa za Kimarekani za wasichana wanaoendesha magari kwenda shule. Hizo alizifurahia, lakini alisema kwamba kuzisoma ni kama kuchungulia harusi ya jirani juu ya ukuta: unaona mapambo na unasikia ngoma, ila hakuna anayekujua wala anayekukaribisha.

Neno "Kajiua" katika daftari nililitambua mara moja. Lilikuwa la Rosa, yule wa Ukerewe, katika *Rosa Mistika*, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971 na ambayo iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Mimi niliisoma nikiwa bwenini, nakala iliyofunikwa kwa gazeti ili jina lisionekane, ikipita kitanda hadi kitanda, na kila aliyepewa akiwa na usiku mmoja tu wa kuimaliza kwa tochi. Nakumbuka hasira tuliyokuwa nayo juu ya Zakaria, baba yake, na nakumbuka jinsi tulivyonyamaza asubuhi baada ya kufika ukurasa wa mwisho. Bado naamini ni riwaya kubwa. Mwandishi yule hakumdanganya msomaji juu ya yale ambayo binti hufanyiwa na nyumba yake mwenyewe kabla dunia haijaanza kumfanyia. Lakini riwaya moja ikimwua msichana ni msiba, na riwaya kumi zikimwua ni desturi, na mtoto mwenye daftari na rula alikuwa ameiona desturi hiyo kabla yangu.

Jumamosi iliyofuata tulipanda daladala ya Mwenge–Posta kwenda mjini. Nilimwahidi kwamba hatutarudi bila kitabu.

Katika duka la kwanza mwuzaji aliniuliza mtoto ana umri gani, nikamwambia, akatuongoza kwa adabu hadi kwenye kona ya Sungura na Fisi. Binti alinitazama bila kusema neno. Nilipoeleza kwamba tunataka riwaya, kijana yule alituhamishia upande wa pili, ambako kulikuwa na hadithi za mapenzi zenye picha za wanawake waliolegea majaladani, na baina ya pande hizo mbili zilisimama rafu ndefu za vitabu vya kiada, mitihani iliyopita pamoja na majibu yake, miongozo ya uchambuzi wa fasihi na vitabu vya kumfundisha mtu kuwa tajiri. Kati ya sungura na mapenzi hapakuwa na kitu cha mtu wa miaka 14. Duka la pili lilikuwa zuri na lenye viyoyozi, lakini karibu kila riwaya ilikuwa ya ng'ambo, na bei ya moja ingetulisha juma zima. Kwenye maktaba tuliyopitia, siku ile tulikuta mlango umefungwa.

Tukasimama kivulini tukanywa maji ya kandoro, yale ya vifuko vya plastiki, na nikajaribu kumweleza kile ambacho mimi mwenyewe nilikuwa naanza kukielewa. Mchapishaji wa vitabu kwetu anaishi kwa kuiuzia shule. Riwaya isipoingia katika orodha ya vitabu vya fasihi vinavyosomwa darasani, nakala zake chache hukaa ghalani zikiliwa na mchwa. Ikiingia, huchapwa tena na tena. Mwandishi anayetaka kusomwa analijua hilo, kwa hiyo huandika akilitazama darasa, na darasa nalo linataka dhamira, linataka ujumbe, linataka kitu ambacho mtihani utakiuliza kwa kuanza na neno "Jadili". Hapo ndipo msichana anapoponzeka. Anapewa mimba ili tujadili malezi, anapewa ugonjwa ili tujadili tabia, na akishafundisha anachotakiwa kufundisha, hana kazi tena katika hadithi.

"Basi mimi nikipata mimba nitakuwa nimejibu swali," alisema Binti, na tukacheka mpaka mwuza maji akatugeukia.

Karibu na Posta kulikuwa na mzee aliyetandika vitabu vya mitumba juu ya turubai, akiwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Binti alimwamkia, akaitikia marahaba bila kunyanyua macho kutoka katika kile alichokuwa akikisoma, jambo lililonipa matumaini, kwani sijaona mwuza vitabu mzuri asiyekerwa kidogo na wateja. Nikamweleza shida yetu. Sikuona sababu ya kuficha. Nikamwambia kwamba tunatafuta riwaya ya Kiswahili yenye msichana asiyekufa mwishoni.

Hapo alifunga kitabu chake. Alimwuliza Binti, si mimi, amekwisha soma nini, na Binti akatoa daftari lake mkobani na kumpa. Mzee aliweka miwani sawa, akalipitia kwa kidole, akaguna mara mbili, kisha akamrudishia kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha hati ya shamba.

Cha kwanza alichochomoa kilikuwa cha mpelelezi Bwana Msa, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ambacho Muhammed Said Abdulla alikichapisha mwaka 1960, kabla baba yake Binti na mimi hatujazaliwa. "Humu mtu amekufa," alisema mzee, "lakini ni mwanamume, na ni mtu mzima, na kuna mwenye akili anayetafuta aliyemwua." Cha pili kilikuwa *Siku Njema* cha Ken Walibora, nakala yenye muhuri wa shule moja ya Kenya na majina ya wanafunzi watano waliokimiliki kwa zamu. Nikamwambia kwamba huyo ni mvulana. Akajibu kwamba anajua, ila mvulana huyo anaanzia Tanga, kwa mama mwimbaji wa taarabu, na kwamba mtoto wa Tanga hana budi kuiona Tanga yake kitabuni angalau mara moja maishani. Sikuwa nimemwambia kwamba Binti ametoka Tanga. Nadhani aliisikia katika matamshi yake.

Cha tatu alikishika kwa muda kabla ya kunipa. Kilikuwa *Vuta N'kuvute* cha Shafi Adam Shafi, cha mwaka 1999. Nilikuwa nimekisoma nikiwa mtu mzima na nilikipenda mno. Humo yumo Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja katika miaka ya mwisho ya ukoloni, anayeozwa kwa Raza, mwanamume mwenye umri wa kuwa baba yake au zaidi, naye anamkimbia. Anakataliwa na jamaa zake, anapokewa na Mwajuma katika chumba chake cha Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, anampenda Denge ambaye serikali inamwinda kwa siasa zake. Humo pia mna pombe, mna ngoma za usiku, mna mapenzi yasiyosubiri ndoa. Nilimwambia mzee kwamba hiki wanakisoma wa kidato cha tano na cha sita.

"Mama," alinijibu, "yeye Yasmin alipoozwa walimwuliza yuko kidato cha ngapi?"

Nikalipa. Kwa vyote vitatu alitaka shilingi 12,000, tukapatana kwa 10,000, na alipoona kwamba Binti bado amechutama akipekua, akampa nyongeza kijitabu chembamba kilichopoteza jalada la nyuma. Kilikuwa wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert. Akaomba radhi kwamba si riwaya.

Lazima nikiri kilichofuata. Tulipofika nyumbani nilimpa vitabu vitatu, nacho *Vuta N'kuvute* nikakiweka kabatini chini ya khanga zangu, nikimwambia kwamba nitakipitia kwanza. Bwana Msa na kiko chake walimchukua siku mbili. Alikuwa akija jikoni kunieleza nani anamshuku, na mara zote alikosea, na kukosea huko kulimfurahisha kuliko sifa zote alizowahi kupewa na walimu wake. *Siku Njema* ilimliza. Lakini kilichomshangaza ni kile kijitabu cha nyongeza. Alikuja nacho mlangoni kwangu usiku, kidole kikiwa katikati ya kurasa, akaniuliza: "Shangazi, huyu ni wa kweli?" Nikamwambia ni wa kweli kabisa, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu maskini aliyeuza vyungu, ambaye mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kuimba Kiswahili katika sahani za santuri, na akafariki mwaka 1950 akiwa mtu mzima mwenye jina lake. "Kwa nini basi wanatunga wale wengine," aliuliza, "kama huyu alikuwepo?"

Usiku huo sikulala mapema. Nilikitoa kitabu kutoka chini ya khanga na kuanza kukisoma kama mkaguzi, nikiwa na penseli, nikitia alama pembeni kila penye jambo ambalo kaka yangu angelihoji. Kufikia saa saba za usiku nilikuwa nimeisahau penseli. Asubuhi nilimpigia simu kaka, nikamsomea orodha ya makosa yangu kabla sijayatenda: kuna pombe, kuna mapenzi, kuna mke anayemkimbia mumewe. Kaka ni mtu wa maneno machache. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mimi nilikuwa nasoma nini nilipokuwa na umri wa bintiye. Nikakumbuka lile gazeti la jalada na ile tochi.

"Basi huyu angalau asome taa ikiwa inawaka," alisema, "na wewe uwe karibu akiuliza."

Aliuliza sana. Aliuliza kwa nini jamaa zake Yasmin wanaona aibu juu ya aliyekimbia wasione aibu juu ya ndoa yenyewe, na kama bibi yake, mama yetu, naye aliozwa vile. Nikamwambia kwamba aliozwa akiwa na miaka 16 kwa mtu aliyemwona siku ya harusi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Aligombana na Yasmin mezani kana kwamba ameketi nasi. Alimpenda Mwajuma kuliko wote, akasema kwamba kila mtu angepaswa kuwa na rafiki mwenye chumba. Juu ya mambo niliyoyatia penseli hakuuliza lolote, na alama zangu zote hakuzisemea, ila moja, ambayo pembeni yake niliikuta imeandikwa kwa mwandiko wake mdogo: "Hapa pana nini?"

Siku ya kumsindikiza Ubungo tulifika mapema, basi la Tanga likiwa bado linapakia. Nilimwomba anionyeshe daftari. Alikuwa ameongeza mistari: Bwana Msa alimwandikia kistari kwa kuwa si msichana, Kongowea wa *Siku Njema* vivyo hivyo, na Siti alipewa mwaka wake wa kufariki na mbele yake maneno "kwa uzee". Kwenye mstari wa Yasmin safu ya tatu ilikuwa tupu. Nikamkumbusha kwamba amekwisha kimaliza kitabu. Akasema anajua, lakini neno moja halimtoshi, na bado anafikiri. Kisha akalirudisha daftari mkobani, akaniaga, na alipokwisha panda akafungua dirisha kuniuliza kama yule mzee wa Posta huwa pale hata siku za Jumatatu.