Siku tuliyotoa ukuta wa jiko la Mwalimu

Saa 10:45 alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia. Usiku wa kuamkia kazi ya kutoa ukuta sijawahi kulala vizuri, na hii kazi nina mwaka wa kumi na tisa nayo. Mke wangu kajigeuza: "Si ulisema jeki umeshaweka jana?" Nimeweka, zile nguzo za chuma za kushikilia paa. Ndiyo maana nimelala hata hicho kidogo.

Nyumba iko Upanga, Dar es Salaam. Ni ya chini, ya miaka ya sitini, na juu haina bati, ina zege bapa. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, nasi tumefuata. Anataka ukuta kati ya jiko na sebule uondoke.

Ingekuwa nyumba ya bati yenye kenchi iliyofungwa vizuri, mara nyingi ukuta wa katikati haubebi kitu zaidi ya lipu na picha za harusi. Hapa sivyo. Zege la unene wa sentimita 15 lina kama kilo 375 kwa kila mita ya mraba, na ukuta huu umebeba nusu ya paa la jiko na nusu ya paa la sebule. Kwa mita 3 tunazofungua, ni zaidi ya tani 4 zimekaa pale juu. Kuna watu wanagonga ukuta kwa vidole, wanasikiliza, halafu wanakwambia "huu haubebi". Ukuta hausemi. Panda juu ukaangalie ni nini kimeukalia.

Saa 1:10 asubuhi. Nimefika site, vijana wanne wako getini tayari. Nyundo bado. Kwanza nazunguka jeki zote kumi na mbili, sita upande wa jiko na sita upande wa sebule, kama injinia alivyochora. Juu yake kuna mbao 2 kwa 6 zimeshika zege, chini nazo zimekanyaga mbao, zisije zikatoboa sakafu. Naigonga kila moja kwa kiganja. Ya nne upande wa sebule imelegea kidogo, naikaza robo mzunguko. Ukikaza kupita kiasi unainua paa, na ufa utakaoupata ni wa kujitakia.

Kuna ufa wa zamani kwenye kona ya sebule, mwembamba kama unywele. Wiki iliyopita niliupitishia mstari wa penseli, nikaandika tarehe pembeni. Ufa ukisogea, mstari utaachana. Leo nautazama kila saa.

Nawaambia vijana: mkisikia kitu chochote kinalia, dondosheni vyombo mtoke nje, hata kama ni mimi nimesema mbaki.

Saa 2. Chai na vitumbua uani, ambako Mwalimu amehamishia mapishi na jiko lake la mkaa.

"Fundi, binti yangu anasema siku hizi majiko yote yako wazi."

"Na samaki wa kukaanga, Mwalimu?"

Akacheka. "Huyo tutamkaangia hapa uani."

Basi. Mimi nabomoa ninacholipwa kubomoa, ila mababu walioweka mlango kati ya dagaa na makochi hawakuwa wajinga.

Saa 2:40. Tunatoa lipu kwa tindo na nyundo ndogo, tukianzia juu kabisa, pale ukuta unapokutana na zege. Lipu ya zamani ni ngumu kuliko tofali lenyewe. Ilipodondoka, nikaona nilichokuwa nakiogopa: mstari mnyoofu kwenye zege, juu ya katikati ya ukuta. Maana yake paa si moja. Ni mapande mawili, la jiko na la sebule, kila moja limekuja kuishia hapa na kuukalia ukuta kwa sentimita chache. Tungeweka jeki upande mmoja kama yule fundi wa kwanza alivyomshauri Mwalimu, ili kubana matumizi, upande wa pili ungeshuka pamoja na tofali la kwanza. Nimepiga picha, nikamtumia injinia. Kajibu neno moja: "Nilihisi."

Saa 3:30. Cheche. Dogo amepitisha tindo kwenye waya ambao haupo kwenye mchoro wa fundi umeme, waya wa taa ya barazani, uliopitishwa humu na mtu asiyejulikana mwaka usiojulikana. Karuka kama kaona nyoka. Mzima, mkono mzima, tindo tu imepata kovu. Kosa ni langu: nilikubali izimwe laini ya jiko peke yake. Sasa meinswichi imezimwa, tumewasha jenereta, na tumepoteza saa nzima.

Saa 4:30 mpaka saa 7. Hapa ndipo watu wanapofikiri kazi inaanza. Kijana wa jirani amesimama dirishani na simu akisubiri nyundo kubwa na ukuta unaoanguka kwa kishindo. Amesubiri bure. Tumekata pande mbili wima kwa grinda, kisha tofali moja moja, kutoka juu kushuka chini, linapokewa kwa mikono, linaingia kwenye toroli. Kishindo kinatikisa hizo jeki. Vumbi la grinda limetufanya wote wazee wenye mvi. Kijana kaondoka kabla hatujafika nusu.

Saa 7:20. Wali maharage. Dakika ishirini.

Saa 8. Injinia kaja na kirikuu imeleta bimu, boriti itakayobeba paa badala ya ukuta: chuma cha kimo cha milimita 240, urefu mita 3.4, kilo mia moja na ushee. Tangu ghorofa la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024, wateja wangu wamekuwa na maswali mapya: nani kachora, kibali kiko wapi. Mwalimu aliuliza yote mawili kabla hajauliza bei.

Kwenye ncha mbili za ukuta tulishamwaga vitako vya zege siku kumi zilizopita, ambavyo bimu itavikalia. Tumepandisha kwa hatua: kichwa kimoja kwenye jukwaa, kisha kingine, tena kimoja, tena kingine. Watu sita, na hakuna anayeongea isipokuwa mmoja. Ilipokaa, nikaweka pima maji. Kiputo kimeegemea upande wa dirisha. Bati la chuma la milimita 3 chini ya ncha ya pili, kiputo kikarudi katikati.

Saa 10. Kazi ninayoipenda kuliko zote, na haina mtazamaji. Kati ya bimu na zege kuna uwazi wa vidole viwili. Ukiuacha hivyo, siku ya kutoa jeki paa litashuka kuitafuta bimu. Tunachanganya simenti moja kwa mchanga mmoja na maji kiduchu. Naufinya mchanganyiko kiganjani: ukishikana kama tonge na usiniachie unyevu mkononi, ndio wenyewe. Ukichuruzika, ukikauka utasinyaa. Tunausukumiza ndani kwa kipande cha ubao na nyundo, sentimita kwa sentimita, mpaka sauti ya nyundo inabadilika kutoka "pu" kuwa "ta". Jeki zitabaki siku saba. Mwalimu atapikia kwenye msitu wa vyuma.

Saa 11:40 jioni. Kifusi kimeingia kwenye kirikuu safari ya pili. Nimemwonyesha Mwalimu ule mstari wa penseli, nikamwomba autazame kabla ya kulala, akiona umeachana anipigie saa yoyote.

Saa 3:15 usiku. Ujumbe kwenye simu: "Mstari uko palepale fundi. Ila vumbi limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo ulilosema mmelifunika."