Simu ilivyonisaidia kuwafundisha wagumu kutamka Kiingereza

Kila niliyemweleza nia yangu alinipa ushauri uleule: simu ikimwelewa mwanafunzi, mgeni naye atamwelewa. Wape vijana simu, wabonyeze alama ya maikrofoni kwenye kibodi, wasome Kiingereza. Maneno yakijiandika sawasawa, wamefaulu. Ushauri huu ni mbovu, na nausema ubovu wake waziwazi kwa sababu darasa langu la jioni hapa Moshi limejaa wagumu, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaotaka kuwa waongozaji. Huko juu mgeni aliyechoka akiambiwa "fifteen minutes" akasikia "fifty", anakaa chini na hanyanyuki.

Tulianza kama tulivyoshauriwa. Kijana akasoma: "We will sleep at Horombo Hut." Simu ikaandika bila kosa. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, na masikio yangu yalisikia "hat". Mwingine akauliza, "Does your head hat?" Simu ikamwandikia "hurt", safi kabisa! Darasa likapiga makofi. Nikawaambia wanyamaze, tuanze upya.

Tatizo ni kwamba programu hizi za kugeuza sauti kuwa maandishi hazitegemei sauti peke yake. Zinapima pia ni neno gani linaelekea kufuata maneno yaliyotangulia, na zimesikia mengi: mojawapo, Whisper ya kampuni ya OpenAI, ilipotolewa mwaka 2022 ilikuwa imefunzwa kwa sauti za saa 680,000. Ukishauliza kuhusu kichwa cha mtu, "hurt" inajileta yenyewe hata ukitamka kingine. Kwa anayeandika ujumbe haraka hiyo ni neema. Kwa mwanafunzi ni kama msimamizi wa mtihani anayemnong'oneza majibu.

Basi nikaamua kuinyima simu nafasi ya kubahatisha, na hapa ndipo najivunia. Nilikesha nikitunga sentensi ambazo maneno yanayofanana yote yanaingia na maana inabaki. "It is in my hat." "It is in my hut." "It is in my heart." Au "We walk for six hours" na "We work for six hours". Au "They are leaving here" na "They are living here". Sisi tuna irabu tano tu, Waingereza wana zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo hat, hut, heart na hurt zote kwetu zinaangukia kwenye "a" moja. Sentensi ikiwa hivyo, simu haina pa kushika isipokuwa mdomo wa kijana.

Halafu tukaongeza mtu. Msemaji anachagua sentensi kimya kimya na kumwonyesha jirani yake kwa kidole. Mwingine anageukia ukutani na karatasi. Msemaji anaitamkia simu, aliyegeuka anaandika alichosikia, kisha tunalinganisha. Simu na mtu wakisikia kosa lilelile, tunarekebisha matamshi. Simu ikikosea peke yake, tunarudia bila kumlaumu mtu. Kuna kijana alisema "fifteen" na simu ikang'ang'ania 50. Akaongeza sauti, 50. Akapunguza mwendo, 50. Nguvu zote alikuwa anaziweka mwanzoni mwa neno, mwishoni anakata. Nikamwambia ahamishie uzito mwishoni, aivute "tiin", na "n" isikike. Ikatoka 15. Aliruka! Jioni hiyo alimaliza 13 na 30, 14 na 40, hadi 19 na 90, bila kuhitaji msaada wangu.

Wengine wakanishauri niweke Kiingereza cha Marekani, eti ndicho halisi. Sikukubali. Kwenye orodha ya lugha za kuandika kwa sauti za Google kuna Kiingereza cha Tanzania. Tunaanzia hapo mpaka kijana apate ujasiri, ndipo tunahamia cha Uingereza, kisha cha Marekani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kuipima mifumo ya kuandika kwa sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft kwa sauti za Wamarekani watupu. Kwa wazungu ilikosea kama maneno 19 katika kila 100, kwa weusi 35. Kama mashine inamkosea mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, sitamruhusu yeyote amwambie mgumu wangu hajui Kiingereza kwa sababu tu simu imekataa.

Gharama si kubwa. Earphone zenye maikrofoni ni elfu chache, bando la wiki linatosha kundi zima, na ukipakua lugha mapema simu nyingi zinafanya kazi hata bila mtandao. Adui ni kelele. Darasa linajaa wakati wa masika, kazi mlimani zikipungua, na ndipo mvua inapopiga mabati hadi simu haisikii kitu. Vijana wenyewe wakapata dawa: wanaleta mifuko yao ya kulalia ya mlimani, msemaji anajifunika kichwa na simu, na maandishi yanatulia.

Simu haisemi ulimi ukae wapi. Hiyo inabaki kazi ya mwalimu. Mimi nawafungulia kamera ya mbele wajione midomo. Anayesema "sink" badala ya "think" namtamkisha kwanza "thelathini" na "dhahabu" mpaka zitoke vizuri, kisha tunavuka na sauti hizohizo. Sasa tuko kwenye "breath" na "breathe", ya kwanza inaishia na th ya thelathini, ya pili na dh ya dhahabu, maana mwongozaji akifika Kibo Hut, mita 4,720, atamuuliza mgeni kuhusu pumzi yake kuliko kitu kingine chochote. Mwalimu anayetaka kuanza aanze na namba, kwa sababu kwenye skrini 15 na 50 hazina ubishi.